Kiwanja kiko kwenye kibubu, kausha damu kashika kadi

Meseji za wiki hii karibu zote zinafanana, mtu ana deni na hapohapo ana jambo lake analolitamani, kiwanja, pikipiki, ada ya mtoto, anauliza aanze na lipi. Nimechagua nne. Ya mwalimu nimeijibu kwa urefu sababu nilikaa nayo siku mbili kabla sijaandika kitu, na najua walimu na manesi wengi wakisoma watajiona humo. Majina na sehemu za kazi nimeziondoa.

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Singida, nina watoto wawili nalea mwenyewe. Mwaka 2022 nilichukua mkopo benki milioni 9 wa miaka 6 nikamjengea mama, huo unakatwa juu kwa juu sina shida nao, makato yote yakishatoka nabaki na 478,000. Shida ilianza mwanangu alipolazwa, nikachukua 300,000 kwa mtu anayekopesha walimu hapa mjini, riba asilimia 30 kwa mwezi. Sasa ni miezi kumi nampa 90,000 ya riba kila mwezi na ile 300,000 iko palepale, kadi yangu ya benki anayo yeye na namba ya siri anaijua. Alafu nina apu tatu kwenye simu, nadaiwa 70,000, 65,000 na 50,000, nalipa hii kwa kukopa ile. Kikoba nadaiwa bado marejesho manne ya 60,000. Ila dada nina ndoto ya kiwanja, huku vipo vya milioni 2 na nusu, na nimejiwekea nadhiri kila mwezi natia 50,000 kwenye kibubu, sijawahi kukigusa, kina 420,000. Sasa afisa wa benki ananipigia kila siku nitop-up mkopo nilipe vyote niwe huru. Nikubali? Au niachane na kiwanja kwanza? Kibubu sitaki kukigusa, nikikigusa najua nimevunjika moyo.

Marahaba mwalimu wangu, na pole sana kwa mtoto, naamini sasa hivi anaendelea vizuri.

Kabla ya hesabu nikwambie kitu, hiyo ya kadi naijua. Mwaka 2014 nilikuwa mwajiriwa wa mshahara mdogo na kadi yangu ilikuwa kwa mtu hivyohivyo. Tarehe za mshahara tulikuwa tunamsubiri kwenye ATM jioni, anakuja na daftari la kaunta na rundo la kadi zimefungwa rababendi, nyuma ya kila kadi kuna kipande cha karatasi kimegandishwa kwa selotepu kimeandikwa namba ya siri. Anatumbukiza moja anatoa hela anahesabu anakata yake, anatumbukiza nyingine, na sisi wenye mishahara yetu tumesimama nyuma yake kama watoto wanaosubiri kugawiwa andazi. Nesi aliyenizalisha mwanangu wa kwanza alikuwa kwenye ile foleni, tulitazamana tukaangalia pembeni. Kwahiyo ukiniambia una kadi kwa mtu nakuelewa mpaka ndani, na hiyo kadi ndo kitu cha kwanza tunachokirudisha, kabla ya kiwanja, kabla ya chochote.

Sasa tuje kwenye hesabu, chukua kalamu. Umeshampa huyo kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, 90,000 mara kumi, ni 900,000, kwa mkopo wa 300,000, na bado anakudai 300,000. Wakati huohuo ndani kwako kuna kibubu kina 420,000 kimekaa kimya hakizai hata shilingi. Mwalimu, hela ya kumtoa huyo mtu unayo. Unayo tangu mwezi wa juzi. Kila mwezi unatia 50,000 kwenye kibubu huku dirishani inatoka 90,000, kwahiyo kwa ukweli huweki akiba, unarudi nyuma 40,000 kila mwezi ila hauoni sababu kibubu kinazidi kuwa kizito mkononi.

Na angalia mbele. Ukiendelea hivihivi, kutoka 420,000 mpaka milioni 2 na nusu kwa 50,000 kwa mwezi ni miezi 42, miaka mitatu na nusu. Ndani ya miezi 42 huyo bwana atakuwa amechukua kwako 3,780,000 za riba peke yake. Hicho ni kiwanja chako na zaidi ya nusu ya kiwanja kingine, unamnunulia yeye.

Kwahiyo nakuomba ukivunje kibubu. Najua ulivyoandika kuhusu kuvunjika moyo na sikuchukulii poa, mtu aliyeweza kutia 50,000 kila mwezi kwenye maisha hayo ana roho ngumu ya dhahabu na hiyo nadhiri usiiache, endelea nayo. Ila hela ya kibubu inaenda kiwanja bado, inapita tu kwa huyo mtu kwanza kumfunga mdomo.

Mshahara ukitoka mwezi huu unakuwa na 420,000 ya kibubu, ile 90,000 uliyokuwa unampa na ile 50,000 ya kutia, jumla 560,000. Mpe mwenye kadi 390,000, yaani deni lote na riba ya mwezi huo. Lipa apu ya 70,000 na ya 65,000 zife. Hapo imetoka 525,000, unabaki na 35,000 na hiyo 35,000 irudi kwenye kibubu siku hiyohiyo, usilale nayo kwenye pochi. Kwanini nisikwambie umalize yote? Sababu ukibaki na sifuri mtoto akipata homa Jumanne, Jumatano umerudi kwa yule yule na kadi yako mkononi. 35,000 ni ndogo lakini ni pharmacy na nauli.

Mwezi wa pili una 140,000 yako huru. Ile apu iliyobaki hata kama faini zimeipandisha ikafika 70,000 unailipa, 70,000 nyingine kwenye kibubu, imekuwa 105,000. Mwezi wa tatu na wa nne unatia 140,000 yote, na mwezi wa nne ndo rejesho la mwisho la kikoba, kwahiyo kuanzia wa tano una 200,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa tano una 585,000. Laki tano hapo ipe jina lake, hela ya dharura, haihusiani na kiwanja na wala siyo ya harusi ya mtu. Zinazobaki ndo mwanzo wa kiwanja, ukiendelea na hiyo laki mbili ni miezi kumi na tatu hivi. Jumla mwaka mmoja na nusu badala ya mitatu na nusu, mshahara uleule, chakula kilekile. Mwezi fulani utashindwa kutia yote, mwezi wa sare za shule au msiba, tia hata elfu 20 lakini usiruke mwezi mtupu.

Siku ya kumlipa usiende peke yako. Nenda na mtu mzima mnayeaminiana, lipeni, aandike kwamba amepokea deni lote na hadai tena, asaini, na kadi mkononi mwako kabla hela haijaingia mfukoni mwake. Ukitoka hapo nyoosha benki ukabadilishe namba ya siri, na ikiwezekana uombe kadi mpya kabisa, ile ya zamani ife. Nasema hivi sababu kuna watu wamelipa deni likaisha na mwezi uliofuata hela zikatoka tena. Na ujue Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hawa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwa 300,000 yako hiyo ni 10,500. Wewe ulikuwa unalipa 90,000. Mtu wa namna hiyo hana cha kukutisha nacho kuhusu sheria, akianza vitisho nenda ofisi ya maendeleo ya jamii au afisa biashara wa halmashauri, polisi pia, ukiwa na hiyo karatasi yake.

Apu ukishalipa usifute tu kwenye simu, hakikisha kwanza imeandika deni sifuri, piga picha ya skrini, ndo ufute. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha bila leseni, ingia tovuti yao uangalie zako kama zimo. Zile ambazo unaomba 60,000 inaingia pungufu alafu baada ya siku saba unadaiwa 60,000 na kitu, na ukichelewa wanamtumia meseji kila mtu aliyeko kwenye simu yako mpaka mwalimu mkuu, hizo siyo za kurudia hata kwa elfu tano.

Kikoba usikikimbize. Watu wengi wakipata hela wanakimbilia kumaliza kikoba sababu wanaona aibu kwa wenzao, lakini riba ya kikoba ni ya kwenu wenyewe, mkivunja mwisho wa mwaka inarudi kwa wanachama na wewe ukiwemo. Lipa rejesho lako kwa tarehe na inatosha.

Na huyo afisa wa benki. Mwalimu, ana lengo lake la mwezi la kutimiza, simlaumu, ndo kazi yake, ila wewe umeshalipa miaka kadhaa ya ule mkopo. Kwenye mikopo hii marejesho ya mwanzo sehemu kubwa inakuwa riba na ya mwishoni ndo yanakula deni lenyewe, sasa uko upande mzuri. Ukitop-up wanafunga ule wa zamani wanaanzisha mpya, unarudi kwenye miezi ya mwanzo ya kulipa riba, na juu yake kuna ada ya mkopo na bima, na utaambiwa miaka sita au saba tena. Ningekuwa naongea na mtu anayedaiwa kausha damu milioni 3 na hana kibubu chochote, hapo ningesema sawa, riba ya benki kwa watumishi ni asilimia kumi na kitu kwa MWAKA na ya hawa watu ni 30 kwa mwezi, ahame, ila achukue kiasi kilekile cha deni asiongeze hata laki ya sofa. Wewe deni lako lote la kutisha ni 485,000 na kibubu kina 420,000. Haina haja. Mwambie asante na usipokee tena simu zake kwa mwaka huu.

Hela ya kiwanja ikishaanza kuwa kubwa, laki tano na kuendelea, itoe kwenye kibubu cha mbao, mwizi na panya hawana huruma. Wapo UTT AMIS, ni taasisi ya serikali, wana Mfuko wa Ukwasi ambao unaweka kidogokidogo inakua na ukitaka kutoa unapata ndani ya siku chache za kazi. Hizo siku chache ndo raha yake kwa mtu kama wewe, ukishikwa na tamaa ya Ijumaa, Jumatatu tamaa imeisha. Na siku ya kununua usimlipe mtu kwa karatasi ya daftari, nenda serikali ya mtaa, alafu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize hicho kiwanja kabla hela haijatoka. Usije ukateseka mwaka mzima na nusu alafu ukanunua kesi.

Mambo dada, mimi nina deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama milioni 7 hivi limebaki. Nafanya kazi kampuni binafsi Dar wananikata kila mwezi. Nimepata bonasi ya milioni 2, jamaa wananiambia nipunguze bodi niwe huru mapema. Mimi nilikuwa nataka nianze akiba ya kurudi kusoma masters. Ipi ni ipi?

Weka akiba. Deni la bodi lilikuwa linauma sana zamani kwa ile tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani, unalipa na deni haliishi, lakini Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021 pale Mwanza na ikafutwa. Kwahiyo sasa hivi kila unachokatwa, ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kinapunguza deni moja kwa moja. Deni lisilokua halina haraka. Ila ingia kwenye akaunti yako ya bodi uangalie makato ya mwajiri yanafika kweli na salio linashuka, sababu kuna waajiri wanakata wafanyakazi na hawapeleki kwa wakati, na hapo wewe ndo unasumbuka. Na kabla hujaifungia yote kwenye masters uangalie kama kuna kadeni kengine kadogo ka simu, zile za kukopeshwa salio na kukamilisha muamala, lipa hako kwanza.

Habari za kazi dada. Mimi ni bodaboda Mbeya, pikipiki ni ya mkataba, napeleka hesabu 10,000 kwa siku, Jumapili ni yangu. Imebaki miezi mitano iwe yangu. Mke wangu alijifungua kwa operesheni shemeji akanikopesha 350,000 haina riba, hajawahi kunidai ila sa hivi nikiona simu yake roho inaenda mbio naacha kupokea. Pia nina daftari dukani kama 60,000. Nataka mkataba ukiisha nichukue nyingine ya mkopo nimpe kijana aendeshe ili niwe na mbili. Ila hela kwangu haikai, napata elfu 25 nalala na elfu 3 sijui imeenda wapi. Naanzia wapi?

Mdogo wangu anza kwa kupokea hiyo simu. Kabla hujatafuta shilingi yoyote. Deni la shemeji halina riba ya hela lakini lina riba nyingine na unailipa kila anapopiga usipokee, na yeye labda alikuwa anataka tu kumsalimia mtoto. Mpigie wewe leo jioni, mwambie shemeji nakumbuka, sijapata yote, nitakuwa nakutumia elfu 10 kila Jumamosi. Alafu Jumamosi tuma, hata kama umeamka vibaya tuma. 350,000 kwa elfu 10 kwa wiki ni wiki 35, miezi nane. Inaonekana mbali lakini akishaona Jumamosi nne mfululizo meseji imeingia, hilo deni limeacha kuwa deni limekuwa utaratibu, na siku ukikwama kweli utakuwa na pa kukimbilia. Watu wanaharibu undugu kwa kusubiri wapate yote kwa mkupuo, yote haiji.

Daftari la dukani lifungwe. Mwambie mwenye duka unalipa elfu 5 kila wiki na hukopi tena, lete hela ndo uchukue unga. Dukani kwa kukopa mtu hahesabu, mtoto anatumwa sukari anarudi na sukari na biskuti na jojo zimeandikwa.

Kuhusu hela kutokaa, mtu wa hela ya kila siku hawezi kuweka akiba ya mwisho wa mwezi, haipo, mwezi wako unaisha kila usiku. Kwahiyo fanya kama hesabu ya bosi. Mbona hiyo 10,000 inapatikana kila siku, mvua jua? Sababu umeshajiambia siyo yako. Tafuta laini ya pili ambayo hakuna anayeijua namba yake, ukipata abiria wa kwanza na wa pili asubuhi, kabla ya supu, tupia humo 2,000. Kwa siku sita ni 12,000 kwa wiki, elfu 10 ya shemeji imepatikana na 2,000 inabaki. Ile 5,000 ya daftari itoe kwenye Jumapili yako. Ikiisha daftari hiyo Jumapili iendelee kuja kwenye laini, ndo itakuwa hela ya tairi na oili, maana pikipiki ya mkataba ikikaribia kuisha ndo huwa inaanza kudai vitu, na bodaboda anayekopa ili anunue tairi ndo anaingia kwenye lile shimo.

Sasa pikipiki ya pili. Hapa nitakukatalia na unisamehe. Mkataba ukiisha usikimbilie mkopo mwingine. Siku ya mwisho unayompelekea bosi hesabu, kesho yake endelea kupeleka ile 10,000, bosi ni wewe. Usibadilishe chochote, usihamie kwenye nyumba ya kodi kubwa, usianze kula kuku kila siku sababu pikipiki ni yako. 10,000 kwa siku 26 ni 260,000 kwa mwezi. Hapo shemeji anamalizwa mwezi wa kwanza tu, mara moja, unaenda na mkeo na mtoto mnamshukuru uso kwa uso. Alafu miezi kumi na kidogo hivi unazidi milioni 2 na nusu mkononi, unaenda dukani na keshi unanunua pikipiki bila mkataba, na wewe ndo unampa kijana mkataba. Mwili wako umeshazoea kuishi bila hiyo elfu kumi, usiufundishe tena kuila. Nimeona vijana wengi sana wanamaliza mkataba, wiki mbili za kwanza ni furaha, mwezi wa tatu wana pikipiki imechoka, haina bima, leseni ya LATRA imeisha, na hawana hata elfu hamsini, wakati mwaka mzima walikuwa wanatoa 10,000 kila siku bila kukosa.

Asalaam aleikum dada, mimi niko Tanga nauza vitenge na madera, mzigo nachukua Kariakoo kwa mali kauli. Mwezi ujao zamu yangu ya mchezo, nitapokea milioni moja. Nadaiwa na tajiri wangu wa mzigo 780,000. Nilitaka niweke milioni nzima akiba ya ada ya binti anaingia form one Januari, tajiri nimlipe kidogokidogo, mana yeye hanisumbui sana. Nashauriwa?

Waaleikum salaam mama. Tajiri wa mali kauli asiyesumbua ndo wa kulipwa wa kwanza. Huyo mtu amekupa mzigo kwa mdomo tu, hamna dhamana hamna riba hamna mdhamini, na hiyo imani yake ndo mtaji wako wote. Ukimzungusha Oktoba, Desemba watu wananunua nguo za sikukuu na wewe huna mzigo, na wenzako wa Kariakoo wanaongea, habari ya anayechelewesha inafika duka la pili kabla hujashuka kwenye basi. Mpe japo 600,000 siku ukipokea mchezo, 400,000 ifungie ada, na uchukue mzigo mpya mdogo kuliko uliozoea.

Lakini mama kwenye meseji yako kuna kitu hujaniandikia na nina hakika kipo. Na wewe unadai. Hakuna muuza vitenge Tanga asiyedai. Lile daftari lako lina akina nani humo, mashoga, majirani, mwalimu wa madrasa, mawifi, dera moja elfu 20 kalipa elfu 5 ya kwanza na kapotea? Jumlisha leo usiku ukiwa umetulia, usikadirie, jumlisha jina kwa jina. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba miaka sita na kina mama wa biashara ya nguo waliokuja kuomba mkopo, nilikuwa nawaambia wakalete daftari la watu wanaodaiwa na wao kwanza, na mara nyingi hela waliyoomba ilikuwa imo humo humo, imevaliwa kwenye harusi za watu. Inawezekana hiyo 780,000 ya tajiri ni jumla ya madera ya watu hamsini hivi.

Sasa wapitie hao kwa upole. Usitume meseji ya ukali na usimdai mtu shughulini. Nenda nyumbani kwake saa za asubuhi, salimia, kaa, mwambie shoga angu nina ada ya mtoto Januari, naomba unisaidie ile 15,000, hata kwa elfu 5 kila Ijumaa nitapita mwenyewe. Kila anayelipa, mwandike mbele yake na mchore mstari akiona. Na kuanzia mzigo huu mpya, nusu ya bei mkononi ndo nguo inatoka, hata kwa wifi. Atanuna wiki moja. Ile hela ya daftari itakayokusanyika isiingie kwenye mzigo tena wala kwenye shughuli, iende kwenye ile 400,000 ya binti mpaka itoshe sare, godoro, ndoo, madaftari na michango ya shule, alafu inayozidi ummalizie tajiri ile 180,000 kabla hujapanda basi la kwenda kuchukua mzigo wa Desemba.